Salamu Kutoka Nguzoni

Bwawani, Jumapili, 2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kuuma. Mimi ni mzima, ila ngazi za huku zinanimaliza. Ofisi iko juu kabisa ya ukuta wa bwawa na choo kiko chini kabisa, kwa hiyo nimejifunza kunywa chai kidogo.

Nina habari itakayokuchekesha. Unakumbuka mwalimu alivyoandika kwenye ripoti yangu ya mwisho kwamba sauti yangu haifiki dawati la pili? Kuanzia wiki ijayo itafika mpaka mtoni kwenu.

Ilikuwa hivi. Wazee wa bondeni walimlalamikia Meneja kuhusu king'ora. Walisema kila lango linapofunguliwa kile kitu kinawabwekea kama wao ni mbuzi waliovamia shamba la watu. Mtu mzima anatoka mtoni mbio, nguo mkononi, mbele ya wakwe zake. Wakuu wakakaa kikao, wakaamua king'ora kiondolewe, badala yake wafunge spika kwenye nguzo na mtu azungumze na wananchi kwa heshima. Tangazo lenyewe ameliandika Meneja.

Alitujaribu watatu. Karani alisoma kama anayedai kodi ya nyumba. Mhasibu alikohoa. Mimi nilisoma nikiwa nimeinamisha kichwa, namalizia niondoke zangu, nikasikia Meneja akisema, "Hiyo ndiyo. Hiyo ni sauti ya mtoto aliyelelewa." Nikakufikiria wewe, nikaona aibu na furaha kwa pamoja.

Tulirekodi stoo, katikati ya mifuko ya saruji, blanketi limetundikwa dirishani. Nilirudia mara nyingi kwa sababu nilikuwa nakwama kila nikifika kwenye "heshima na taadhima". Sasa imo ndani ya mashine. Fundi wa lango akibonyeza ile swichi yake, sauti inaanza na lango linaanza kuinuka, kama ilivyokuwa kwa king'ora.

Kwa hiyo usishtuke ukinisikia. Msalimie Mama Pacha. Barua hii nampa Breki, dereva wa lori la mchanga, kwa kuwa simu huko kwenu bado hazishiki.

Mtoto wako,
Kimya


Bondeni, Jumatano, 12 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Ile ya nguzoni nilikwisha kuijibu, hii ni ya kwenye barua.

Ulisema nisishtuke. Nilishtuka mpaka sabuni ikanitoka mkononi. Nilikuwa nasuuza shuka za nyumba ya wageni, Mama Pacha yuko ng'ambo yangu anapiga nguo zake kwenye lile jiwe bapa la katikati kana kwamba zimemkosea. Mara spika ikakwaruza, krrr, halafu nikasikia, "Shikamooni wazee wetu." Mwanangu mwenyewe, juu ya nguzo!

Mama Pacha akaweka mikono kiunoni, akainua uso, akajibu kwa sauti ambayo nadhani mliisikia huko, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Ukaendelea, "Habari zenu akina mama na akina baba." Tukasema nzuri. "Hamjambo watoto." Watoto wote wakapokea, hatujambo! Ukatupa pole na kazi, tukasema tumeshapoa. Mama Pacha anasema huo ni mwaka wake wa kwanza kuulizwa hali na wenye umeme, na nyumbani kwake hajawashiwa hata taa moja. Akasema salamu zimefika kabla ya waya, labda waya uko njiani.

Sasa kuna kajambo kadogo, usilichukue vibaya. Ulipofika kwenye neno "maji", maji yalikuwa yameshafika. Shuka moja ya nyumba ya wageni imekwenda nayo, na ndala moja ya Mama Pacha. Alirudi nyumbani akiruka kama korongo, sisi nyuma tunashika mbavu. Lakini usiku nililala nikiwaza. King'ora kilikuwa hakina adabu, kweli, ila kikibweka tu tulikuwa tunaruka nje kama vyura. Mto ukija unatukuta juu ya ukingo tunautukana. Sasa tunasimama tunasikiliza, maana mtu akikusalimu utaondokaje?

Waambie wakubwa zako maji yatangulie, salamu zifuate. Mimi siwezi kuwaandikia, unajua kalamu yangu ina ulimi. Wewe una maneno mazuri, watakusikiliza.

Shangazi yako


Ofisini, Jumatatu, 17 Februari

Kwa Mheshimiwa Meneja,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe pamoja na familia yako. Naomba radhi kwa kukuandikia ilhali ofisi yako ni mlango wa pili kutoka kwangu. Nimekuja hapo mara kadhaa, ila nilikukuta una kazi.

Kwanza kabisa napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa kuniamini, mimi niliyetoka shule juzi tu, na kunipa jukumu la kusoma tangazo. Shangazi yangu, ambaye ni dobi huko bondeni, ameniarifu kwamba tangazo limepokelewa kwa furaha kubwa. Jirani yake mmoja, mama wa mapacha, alisimama na kuitikia salamu, na watoto nao waliitikia. Wanasema hawajawahi kuheshimiwa hivyo.

Pamoja na hayo, nilikuwa naomba, kama itakupendeza na kama haitavuruga mipango ya ofisi, nikufikishie jambo dogo. Shangazi anasema kwamba salamu zinapokuwa zinaendelea, maji nayo huwa yanaendelea, na kwamba siku ya kwanza walipoteza shuka moja na ndala. Labda, kwa busara yako, ingefaa kutazama kama habari ya maji inaweza kusogezwa mbele kidogo. Samahani sana ikiwa nimevuka mipaka.

Wako mtiifu,
Msichana wa mapokezi


Ofisini, Jumatano, 19 Februari

Binti,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha, na nimeisoma mbele ya wakuu wa kazi. Walipiga makofi. Ni nadra siku hizi kupata kijana mwenye staha.

Kuhusu shuka na ndala, mwambie shangazi yako awasilishe maombi ya fidia kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa wake. Yatashughulikiwa.

Kwa kuwa tangazo limependwa, tumeamua kuliboresha. Kesho utaongeza salamu za msimu wa mvua na neno fupi la kuwashukuru wananchi kwa ujirani mwema. Vaa vizuri, atakuja mpiga picha.

Meneja


Bwawani, Jumapili, 23 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilimwandikia Meneja. Alinijibu vizuri sana, na sijui nikueleze vipi kwamba hakunielewa. Anadhani unadai shuka.

Nilikwenda mlangoni kwake nikamweleze kwa mdomo. Nilibisha hodi, akasema karibu, akaniuliza, "Enhe, mtangazaji wetu, unasemaje?" Watu wawili waliokuwa na yeye wakacheka kwa wema. Nikasema nimekuja kuchukua vikombe. Nikavichukua, nikavikuta vina chai bado.

Alhamisi nimerekodi upya. Tangazo limekuwa refu zaidi. Nilisoma haraka haraka nikitumaini kupunguza, Meneja akanisimamisha, akasema nisiwasomee wazee kama ninayekimbizwa.

Kwa hiyo sasa nakuambia wewe, na waambie wote hapo mtoni. Msinisikilize. Ile spika ikikwaruza tu, ile krrr, kabla sijatamka hata shikamoo, acheni nguo, acheni mabeseni, tokeni. Mwambie na Mama Pacha. Mvua huku zimeanza, na bwawa linajaa upesi. Fundi wa lango anasema likijaa hafungui kidogo kama mnavyozoea mchana, anafungua lote.

Usiwe na wasiwasi na mimi. Nakula vizuri.

Mtoto wako,
Kimya


Bondeni, Ijumaa, 14 Machi

Kimya,

Mama Pacha amefariki. Tumemzika jana.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu huko juu utaambiwa mengine.

Barua yako niliisoma pale pale mtoni, mbele ya wote, kabla hatujalowesha nguo. Wenzangu walikubali. Mama Pacha akacheka. Akasema, "Mtoto ananisalimia nimpe mgongo? Ndivyo tulivyomlea?" Nikamwambia ile ni mashine, si mtoto. Akasema mashine yeye hazijui, ila mtoto huyu anamjua, alimbeba mwenyewe, mtoto alikuwa akija nyumbani kwake anajificha nyuma ya sketi yangu mpaka abembelezwe kwa muwa ndipo atoe shikamoo. Leo anaitoa mwenyewe, mbele ya bonde zima, halafu mtu mzima akimbie? Tulibishana kwa mzaha, unamjua alivyo. Alivyokuwa.

Jumatano mvua ilinyesha huko kwenu, huku kulikuwa na jua. Spika ikakwaruza. Mimi nikatoka, na binti wa fundi cherehani akatoka, na wale wengine. Nikapiga kelele kumwita. Yeye alikuwa kwenye jiwe bapa katikati ya mto. Akanipungia mkono nitulie, akageukia nguzo, akangoja zamu yake ya kuitikia.

Hii salamu yenu mpya ni ndefu, Kimya. Ulikuwa bado unatutakia msimu mwema wa mvua. Maji hayakuja kama tunavyoyajua. Yalikuja na miti. Sikumsikia akilia. Tulimkuta kule chini kwenye matete, na wakati huo wewe ulikuwa umeshamaliza, umeshaomba samahani kwa usumbufu.

Wapo wanaosema hapa kwamba ni sauti yako iliyomshika miguu. Mimi sijasema hivyo. Lakini sijapata pia nguvu ya kuwajibu.

Watoto wake mapacha wako kwangu. Hawaulizi kitu, wanakula tu na kulala.

Nasikia watakuja watu wa kuchunguza. Ukiulizwa, sema uliwaambia.

Shangazi yako


Ofisini, Jumatatu, 17 Machi

Binti,

Kwa niaba ya uongozi nakupa pole kwa kuondokewa na jirani. Kazi ya Mungu haina makosa.

Kamati ya uchunguzi inakutana Alhamisi. Imekwisha kuthibitika kwamba tangazo lilisikika lote, kwa sauti ya wazi na kwa lugha ya heshima, na kwamba marehemu alilisikia, maana watu wameshuhudia kuwa alikuwa amelielekea. Kwa maneno mengine alionywa, akachagua kubaki. Katika barua yako ya Februari wewe mwenyewe ulieleza jinsi yeye na wenzake walivyolifurahia tangazo hilo. Naambatanisha maelezo mafupi kuhusu hayo. Tia saini yako chini.

Jambo la pili, wakuu wameguswa sana na msiba huu. Wameelekeza tutume rambirambi kwa wananchi wa bondeni kupitia spika. Utazirekodi kesho. Zitawekwa mwanzoni mwa tangazo, ili kila lango linapofunguliwa marehemu akumbukwe.

Meneja


Ofisini, Jumanne, 18 Machi

Meneja,

Maji yanafika mtoni kabla ya neno "maji" kufika. Hilo ndilo nililokuandikia Februari, chini ya shukrani zote zile. Hukuliona.

Mama Pacha hakuchagua kubaki. Alisalimiwa, akasimama kuitikia. Nyinyi mlijua watu wa bondeni wakisalimiwa husimama. Ndiyo maana mliweka salamu.

Ondoa salamu zote. Rudisha king'ora. Kama huwezi, mwambie fundi asiguse lango mpaka watu watoke.

Sitii saini. Rambirambi sirekodi. Ukiziweka mwanzoni, mtu wa pili atakufa akisikiliza pole za wa kwanza.

Kimya


Bondeni, Jumatatu, 24 Machi

Kimya,

Breki ameniambia kwamba wamekuachisha kazi na kwamba unataka kuja. Usije kwanza.

Sikufukuzi. Nyumba hii ni yako. Lakini mume wa marehemu anapita hapa kila jioni kuwaona watoto, na kila spika ikikwaruza anaweka vidole masikioni, mwanaume mzima, barabarani. Juzi aliirushia nguzo mawe mpaka mkono ukavimba. Sauti bado ni yako. Umeondoka kazini ila huku hujaondoka.

Na mimi, mwanangu, nitakuambia ukweli kwa sababu sijazoea kukuficha. Nimekulea nikikufundisha usipite mbele ya mkubwa bila salamu, usikatishe mtu maneno, usipaze sauti. Nilikuchapa kwa hayo. Nilijua nakupa kitu kizuri. Sasa nikikusikia pale juu najisikia mimi mwenyewe nasema.

Sisi tumebaki madobi wanne. Nyumba ya wageni inataka shuka zake kama kawaida, na mto ni huu huu. Tunafua kwa zamu, mmoja anatazama.

Subiri maneno ya watu yapoe.

Shangazi yako


Mjini, Jumapili, 30 Machi

Shangazi,

Nitakuja Jumamosi na lori la Breki. Najua umesema nisubiri. Ninakuomba unisamehe, lakini sitasubiri.

Ngoja nikueleze ya kamati, ujue nimesema. Niliitwa nikiwa nimeshafutwa kazi, kwa "lugha isiyo na staha kwa mkuu wa kazi". Walikuwa wanaume watano na karani, meza ina kitambaa cha kijani na maji ya chupa. Mwenyekiti akasema, "Haya binti, anza kwa kuisalimu kamati." Nikasema maji yanafika kabla ya neno maji. Akasema salamu kwanza. Nikarudia maneno yale yale. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikamsikia, eti hawa ndio vijana wetu wa leo. Meneja alikuwa anatazama mikono yake. Nadhani alinielewa siku ile, Shangazi. Nadhani kwa kweli alinielewa, na alikuwa ameshachelewa kuelewa.

Kamati imeamua hivi. Marehemu alionywa. Tangazo lipunguzwe, kwa hiyo wameondoa maneno "mchana mwema". Mengine yote yamebaki. Rambirambi amezisoma yule karani wa ofisini kwetu, na zimewekwa mwanzoni. Kwa hiyo limekuwa refu kuliko lile lililomuua.

Nilikwenda kwa Meneja mara ya mwisho. Safari hii sikubisha hodi. Nilimwambia anirudishie sauti yangu, aifute, aweke ya mtu mwingine. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba sauti ilirekodiwa saa za kazi, kwa hiyo ni mali ya mtambo. Akanishikia mlango nilipotoka.

Kwa hiyo nakuja. Sina la kumwambia mume wa Mama Pacha, na sitajaribu kumwambia kitu. Nitakaa pale kwenye kona ya mto, juu ya ukingo, mahali maji yanapoonekana kwanza kabla hayajafika kwenu. Nyinyi fueni wote wanne, msiachiane zamu. Kutazama nitatazama mimi. Nikiyaona nitapiga kelele, na ile ya nguzoni itakuwa inaendelea na heshima na taadhima zake, nami nitapiga kelele juu yake mpaka isisikike.

Nitakuwa mdogo wenu, na nitawafokea. Nitasema tokeni, basi, bila mama wala shangazi. Naomba uwaambie wenzako mapema, wasije wakaona nimewakosea adabu.

Shida ni kwamba sijui kupiga kelele. Sijawahi. Tangu juzi najifunza humu chumbani nilimopanga, dirisha nimelifunga. Mara za kwanza ilitoka kama ya kifaranga. Jana ikatoka kidogo. Leo asubuhi ilitoka yenyewe, mpaka mimi nikashtuka, na mama mwenye nyumba akaja akagonga mlango kwa nguvu akitaka kujua nani amekufa. Nilifungua. Nikamwambia hakuna kitu, najifunza tu. Akanitazama juu hadi chini, akaanza kunieleza kwamba msichana aliyelelewa vizuri huwa hafanyi

Alikuwa bado anasema nilipopiga kelele tena.

Kimya